Wimbo Huu Una Mwenyewe: Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Elimu na Utamaduni

Kihonda, Morogoro

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya elimu,
Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya utamaduni na sanaa,
Nakala kwa maofisa elimu wa mikoa na wilaya, na kwa kila mwalimu mkuu mwenye ufunguo wa darasa.

YAH: MWALIMU ENOCH SONTONGA NA DARASA LA SIKU YA JUMAMOSI

Waheshimiwa,

Sijui nani kati yenu amenizidi umri, kwa hiyo naanza na shikamoo kwa wote. Aliye mdogo wangu atanirudishia tukikutana.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nilifundisha Kiswahili na Hisabati kwa zaidi ya miaka 30, na jioni nilikuwa mwalimu wa kwaya, kazi ambayo haina kustaafu. Siandiki kudai malimbikizo. Nina hoja moja, nayo inaanzia mstarini.

Mstari wa asubuhi mnaujua. Ringi ya lori inayoning'inia mtini inagongwa, watoto wanatupa fagio na kukimbia, vumbi linatulia, kiranja anatoka mbele. "Wimbo wa taifa! Moja, mbili, tatu!" Kila mtoto anaanzia pale sauti yake ilipoamkia. Darasa la kwanza wako juu kabisa, wavulana wa darasa la saba wananguruma chini kama wana ugomvi na mtu, na katikati wapo wanaochezesha midomo tu. Mwalimu wa zamu hasikilizi. Anatazama nani hajachomekea shati. Wimbo ukiisha, watu wanaingia madarasani. Miaka yangu yote kazini sikuwahi kumsikia mtu akisema pale mstarini kwamba wimbo ule una mwenyewe.

Siku moja, nikiwa nimebakiza miaka miwili kustaafu, niliwauliza watoto wa darasa la tano nani aliutunga. Mkono wa kwanza ukasema Nyerere. Wa pili ukasema Serikali. Mtoto mmoja mpole wa dawati la nyuma, ambaye kwa kawaida hanyooshi mkono, akasema, "Jeshi, mwalimu." Sikumcheka, kwa sababu mchana ule niliuliza swali hilohilo ofisini kwa walimu na majibu hayakuwa mbali sana na ya dawati la nyuma.

Aliyeutunga ni Enoch Mankayi Sontonga. Alikuwa mwalimu wa shule na mwalimu wa kwaya.

Alizaliwa Uitenhage, upande wa Eastern Cape, Afrika Kusini, mnamo mwaka 1873. Ajira ikampeleka karibu na Johannesburg, eneo la Nancefield, akawa anafundisha katika shule ya misheni ya Kimethodisti. Alihubiri bila kuwa mchungaji, alipiga picha, na alikuwa na ugonjwa ambao walimu wa kwaya wote tunao: nyimbo zikipungua, unatunga zako. Alizitunza kwenye daftari. Mwaka 1897, akiwa na miaka 24 hivi, aliandika humo ubeti mmoja na kiitikio kwa Kixhosa, Nkosi Sikelel' iAfrika. Wimbo ulikaa miaka miwili kabla ya kuimbwa hadharani mwaka 1899, mchungaji mmoja alipokuwa akiwekwa wakfu. Hakuutunga kwa ajili ya dola yoyote. Dola ya kumwagiza haikuwepo. Aliutunga kwa sababu alikuwa na watoto mbele yake na walihitaji kitu cha kuimba.

Alifariki tarehe 18 Aprili 1905, kijana wa miaka 32 au karibu na hapo. Daftari likabaki kwa mkewe, Diana, na kwaya za jirani zikawa zinakuja kuazima nyimbo. Inasimuliwa kwamba mwishowe mama huyo aliuza haki za wimbo kwa peni sita.

Kuanzia hapo wimbo ulisafiri peke yake. Kwaya ya shule ya John Dube kule Ohlange iliuchukua na kuuzungusha. Tarehe 8 Januari 1912 uliimbwa Bloemfontein, kwenye mkutano wa kwanza wa chama ambacho baadaye tulikizoea kwa jina la ANC. Mwaka 1923 mwandishi Sol Plaatje aliurekodi London kwenye sahani ya santuri. Mwaka 1925 ANC ikaufanya wimbo wa kufungia mikutano yake, na mwaka 1927 mshairi Samuel Mqhayi akauongezea beti saba. Desemba 1961 Tanganyika ikapandisha bendera yake kwa tuni hiyo, maneno yakiwa ya Kiswahili. Zambia wakaichukua mwaka 1964, Zimbabwe wakaitumia toka 1980 hadi 1994, Namibia wakaishika kwa muda mfupi walipopata uhuru mwaka 1990. Kwao wenyewe ikawa wimbo rasmi mwaka 1994 tu, baada yetu kwa zaidi ya miaka 30.

Na mtunzi? Kaburi lake lilipotea. Katika miaka ya 1990, Afrika Kusini ilipokuwa ikilisaka, rejista za makaburi ya Braamfontein hazikuonyesha Sontonga yeyote. Kumbe karani wa mwaka 1905 alikuwa amemwandika kwa jina la "Enoch", basi. Jina la kwanza tu, kama unavyomwandika kibarua wa siku moja. Tarehe 24 Septemba 1996 Rais Nelson Mandela alizindua mnara hapo na kaburi likatangazwa kuwa urithi wa taifa. Ilikuwa imepita miaka 91.

Hapo kwa karani ndipo ninapokwama kila ninapoisimulia habari hii. Yeye angalau aliandika Enoch. Sisi tunauimba wimbo wa mtu huyo kila asubuhi ya shule toka mwaka 1961, na watoto wetu wanadhani uliandikwa na jeshi.

Naomba niseme nilivyomjua mimi, kwa sababu sikumjua kwa kusoma. Nilimjua hapahapa Morogoro.

Wazee wenzangu wanaikumbuka Mazimbu ya wakati ule. Baada ya mauaji ya Soweto ya mwaka 1976 vijana wa Afrika Kusini walitoroka kwao kwa mamia, na nchi yetu ikawapa shamba la zamani la mkonge. Wakajenga Chuo cha Solomon Mahlangu. Chekechea yao waliipa jina la Charlotte Maxeke, mama ambaye kabla ya kuingia kwenye siasa alizunguka Uingereza mwaka 1891 akiwa mwimbaji wa kwaya. Kiwanda chao cha samani wakakiita Vuyisile Mini. Huyo naye alikuwa mwimbaji na mtunzi wa nyimbo, akanyongwa Pretoria mwaka 1964. Wageni wasio na nchi, waliokuja na begi moja, walibandika majina ya waimbaji kwenye majengo yao ndani ya mji wetu. Nadhani mnaona ninapoelekea.

Dada yangu alikuwa na kibarua kule. Mwaka 1984 nilikuwa na miaka 22, mwalimu mpya mwenye sketi moja ya kazini, na siku hiyo alinichukua twende kwenye mazishi ya kijana mmoja wao aliyeugua akafariki mbali na mama yake. Makaburi yale yapo mpaka leo, ndani ya eneo ambalo sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Walipomaliza kufukia wakaimba. Nikaitambua tuni, na mimi kimoyomoyo nikaanza kwa maneno yetu. Nilipofika mstari wa pili nikanyamaza. Mama aliyesimama kulia kwangu alikuwa anaimba kitu kingine, chini kidogo ya sauti yangu, lakini hakikunigonga, kilinishika mkono. Wanaume wa nyuma walikuwa mahali pengine kabisa, chini, kama ardhi. Na toka pembeni ikaja sauti ya tatu inayopita katikati yao wote. Nilikuwa nimeuimba wimbo ule toka utotoni na sikuwa nimewahi kuusikia. Ulikuwa na vyumba vinne, na sisi maisha yetu yote tulikuwa tumelala sebuleni.

Baadaye mwalimu mmoja wa pale aliniandikia jina la mtunzi nyuma ya pakiti ya sigara. Akanitafsiria pia maneno ya kwanza, na mimi kama mwalimu wa Kiswahili nilifurahi kuliko alivyotegemea. Nkosi ni bwana au mtawala. Sikelela ni kubariki. Mstari wa pili unasema pembe ya Afrika iinuliwe, uphondo, pembe ya kwenye Zaburi, alama ya nguvu na heshima. Sisi pembe tuliiacha. Mahali pake tukawaweka viongozi. (Sina neno, nanyi mmo.) Unakuja mstari wa kuomba maombi yetu yasikilizwe, na sisi pale tuna hekima, umoja na amani. Kisha thina lusapho lwayo, sisi tulio ukoo wake. Hapo Kiswahili chetu kinasema "Afrika na watu wake", na bado najiuliza kwa nini hatukusema ukoo. Sisemi tubadilishe. Nasema kwamba mtoto wa darasa la sita anaweza kukaa na mistari hii miwili, ya Kixhosa na ya Kiswahili, akajifunza kuhusu lugha za Kibantu, tafsiri na historia ya kusini mwa Afrika kwa kipindi kimoja, na akatoka akiwa ameimba.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe.

Sontonga hakuandika kwa mistari mitano na vichwa vyeusi. Aliandika kwa solfa, herufi zile za d, r, m, f, s, l, t ambazo kila mwanakwaya wa zamani anazijua. Solfa ilianzishwa Uingereza katika karne ya 19. Mwalimu Sarah Glover wa Norwich aliianza, John Curwen akaisuka upya na kuisambaza ili watu wa kawaida waweze kusoma muziki bila kununua kinanda. Wamisionari wakaibeba hadi Afrika Kusini, na huko watu waliipenda kwa sababu ambayo hata leo ni ya kweli: haihitaji kitu. Mashine yoyote ya kuchapa inaweza kuichapa, na ubao na chaki vinatosha. Nukta pacha inatenganisha mapigo, mstari wa wima unafungua kipimo kipya, kistari kinasema shikilia. Nikiandika ubaoni

d :r |m :f |s :– |s :–

mtoto ambaye hajawahi kugusa chombo chochote anaweza kuniimbia ndani ya nusu saa. Nimefanya hivyo mara nyingi mno kuwa na shaka.

Lakini wapi watoto wetu wanakipata hicho? Kanisani. Tuseme ukweli tu. Kwa sehemu kubwa ya bara, elimu ya muziki wa kusoma imekaa kwenye kwaya za makanisa, na imekaa vizuri. Huko ndiko walikotoka watu kama Padri Stephen Mbunga aliyetutungia Misa Baba Yetu. Mimi ni zao la huko na sitalitukana jamvi nililoketia. Ila nilipostaafu na kuanza darasa langu la Jumamosi, nilianzia kwenye ukumbi wa kanisa letu, na baada ya wiki tatu nikagundua kwamba kila mtoto aliyekuja alikuwa ni wa kanisa letu. Mtaa wetu sivyo ulivyo. Nusu ya watoto wanaocheza rede mbele ya nyumba yangu wanakwenda madrasa, na wazazi wao hawawezi kuwaleta kanisani kujifunza kuimba, nami siwezi kuwalaumu. Wimbo wa taifa ni wa wote. Darasa la kuujifunza nalo lazima liwe mahali ambapo mlango wake si wa dini ya mtu.

Mahali hapo ni shule. Nikaenda kuomba chumba kimoja, Jumamosi, saa tatu hadi saa tano.

Ofisi niliyokwenda sitaitaja, kwa kuwa najua kwamba ningekwenda nyingine yangekuwa yaleyale. Niliambiwa niandike barua. Nikaandika. Nikaambiwa barua ipitie kwa mtendaji. Ikapitia. Nikaulizwa kikundi kina usajili? Nikasema si kikundi, ni mimi na watoto. Nikaambiwa watoto ni wengi hivyo ni kikundi, kwa hiyo nilete katiba, muhtasari wa kikao kilichopitisha katiba, na majina ya wajumbe. Kijana mmoja pale, mstaarabu kabisa, akaninong'oneza, "Mama, andika andiko la mradi, weka bajeti. Bila bajeti wanaona hakuna kitu." Nikamwambia bajeti yangu ni chaki. Akanionea huruma.

Basi tuko chini ya mwarobaini, nyuma ya uzio wa shule ambayo madarasa yake yote, Jumamosi, yamefungwa kwa kufuli. Tulianza na watoto 9. Sasa wanafika 40 na kitu mvua isiponyesha. Ubao ni mlango wa kabati la zamani niliopaka rangi nyeusi. Ikinyesha tunatawanyika, na mvua za Uluguru hazibishi hodi.

Niwaeleze Jumamosi moja tu. Tulikuwa kwenye kiitikio, pale tunapoiombea Afrika mara mbili mfululizo. Sauti ya pili walikuwa wananishinda. Watoto wa sauti ya pili wana tabia moja: wakisikia sauti ya kwanza wanaifuata, kama kuku na mtama. Nimewaziba masikio, nimewageuzia kwenye uzio, wapi. Kulikuwa na msichana wa miaka 11 hivi, mgeni, amekuja na hijabu yake na mdogo wake mgongoni, hajui d wala r. Amesimama pembeni anasikiliza tu. Nilipowaimbia sauti ya pili kwa mara ya saba, yeye akaidaka, akaishika, na wale wengine walipoteleza kwenda juu yeye hakuteleza. Akabaki palepale, peke yake, macho chini, mtoto mgongoni amelala. Nikamwuliza umejifunza wapi kushikilia sauti hivyo. Akasema, "Kwenye kaswida, bibi. Ustadhi akitupanga, ukihama sauti unarudia mwanzo." Jumamosi iliyofuata nilimweka katikati ya sauti ya pili, wengine wakamshikilia yeye kama nguzo, na kwa mara ya kwanza chini ya mwarobaini ule nikasikia nilichokisikia Mazimbu mwaka 1984. Mwenye bodaboda aliyekuwa anasubiri abiria akazima injini.

Mama yake alikuja kunisalimia siku nyingine. Alitaka kujua kitu kimoja, kama ni kweli kwamba tunafundishia pale nje kwa sababu shule imekataa. Nikasema shule haijakataa. Shule haijaulizwa vizuri. Nadhani ndivyo ilivyo, na ndiyo sababu nawaandikia nyinyi.

Ninachoomba ni kidogo kiasi kwamba naogopa kitapuuzwa kwa udogo wake.

Kwanza ni ukurasa. Katika kitabu cha somo la Sanaa na Michezo uwekwe wimbo wa taifa kwa sauti zote nne, kwa solfa, na juu yake, kulia, pale jina la mtunzi linapokaa, paandikwe Enoch Sontonga, 1897. Mtunzi amefariki zaidi ya miaka 100 iliyopita, hakuna mrabaha wa kumlipa mtu. Kabla kitabu hakijatoka upya, ukurasa huo unaweza kupigwa chapa na kutumwa mashuleni kwa njia ileile mnayotumia kutuma waraka wa michango na waraka wa sare. Nyaraka hizo hazijawahi kuchelewa kutufikia.

Halafu ni ufunguo. Uandikwe waraka mmoja kwamba mwalimu, mstaafu, au mtu yeyote anayejulikana na kamati ya shule akitaka kufundisha watoto muziki bure siku ya Jumamosi, mwalimu mkuu anaruhusiwa kumfungulia chumba kimoja kwa kusaini kitabu, bila katiba na bila muhtasari. Kama hofu ni madawati kuvunjwa, niandikwe mimi. Kama hofu ni usalama wa watoto, na hiyo ni hofu ya haki, basi mtuwekee mzazi mmoja wa zamu kila Jumamosi. Sisi wenyewe tumeshaanza kufanya hivyo, mama na kitambaa chake cha kudarizi anakaa pale mpaka tumalize.

Watu wa kufundisha wapo kuliko mnavyodhani. Wapo walimu wa kwaya ambao kila Jumapili wanapanga sauti nne bila kulipwa. Wapo maustadhi wa kaswida, na huyo wa mtoto wangu wa sauti ya pili ningependa kukutana naye. Wapo askari wastaafu wa bendi waliokuwa wakipiga wimbo huu uwanjani mbele ya marais na wanaujua kwa nota kuliko mimi. Wapo wanafunzi wa muziki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wa chuo cha sanaa cha TaSUBa Bagamoyo, wa Chuo Kikuu cha Makumira, na wa chuo cha muziki cha nchi za jahazi pale Mji Mkongwe, ambao wanatafuta pa kwenda kwa mafunzo kwa vitendo. Wapelekeni kwenye kata. Nauli na chakula cha mchana vitatosha, na kwa wazee wenzangu nauli peke yake.

Sitaki mashindano. Nasema mapema kwa sababu najua ofisi zetu: wazo jema likiingia, wiki ya pili lina kombe. Kwaya ya shule katika nchi hii imegeuzwa mtumishi wa mgeni rasmi. Inaundwa wiki tatu kabla ya ziara, inaimba jina la mgeni mara kumi na mbili, mgeni anatoa soda, kwaya inakufa. Watoto wanamaliza darasa la saba wakiwa wameimba majina ya wakuu wa wilaya watatu na hawajui kusoma d, r, m. Darasa la Jumamosi likiwa na mgeni rasmi, litakuwa limeshaharibika.

Nimeshasikia pia hoja kwamba Sontonga si wetu. Jirani yangu, mtu ninayemheshimu, aliniambia, "Dada, kwa nini usianze na Watanzania? Morogoro hii ni ya Mbaraka Mwinshehe na Salum Abdallah." Nilimjibu kwamba Mbaraka hajanyimwa masikio ya watu; ukipanda daladala ya Msamvu jioni utamkuta. Na watunzi wetu wa kwaya waliokufa na walio hai nao watafuata, maana mtoto akishajua kwamba wimbo mmoja una mtunzi, ataanza kuuliza kuhusu mingine. Lakini huyu mmoja tumemtumia kuliko wote. Tumeapishia marais kwa wimbo wake, tumezikia kwa wimbo wake, timu yetu ya taifa inasimama nao mkono kifuani. Watu wake walipokosa kwao waliishi hapa, wakalima hapa, wakazikana hapa. Mtu tuliyehusiana naye hivyo si mgeni.

Mkitaka tarehe, ipo tarehe 18 Aprili, siku aliyofariki. Siombi iwe sikukuu. Tuna za kutosha. Naomba asubuhi hiyo, kila shule inayoweza, watoto wapangwe kwa sauti badala ya madarasa, kiranja ataje jina lake kabla ya kuhesabu moja, mbili, tatu, kisha waimbe. Shule ambayo haina mtu wa kupanga sauti itaje jina tu, mwaka huo.

Nimeambatisha ukurasa wa solfa nilioandika kwa mkono, sauti nne, beti zetu mbili. Mwandiko wangu bado unasomeka. Kuna kosa moja kwenye sauti ya tatu, mstari wa nne, ambalo nimelifuta na kuandika juu, msomaji asichanganyikiwe.

Jumamosi hii tutakuwa palepale chini ya mwarobaini kuanzia saa tatu asubuhi. Ikinyesha, hatutakuwepo. Tumefika kwenye besi, na wavulana wangu wa besi ni wawili tu, mmoja sauti yake bado inavunjika, kwa hiyo ofisa yeyote mwenye sauti nzito na nafasi ya muda wa saa mbili anakaribishwa. Aje bila msafara.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Kihonda, Morogoro